Kupima Mimba za Kondoo kwa Altrasaundi: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Tabora

Katika maboma mengi ya Nzega, Igunga, Uyui na Sikonge, kondoo huchungwa pamoja na ng'ombe na mbuzi, na dume hukaa ndani ya kundi mwaka mzima. Jike akizaa, vizuri, asipozaa, anasubiriwa. Ikifika Septemba na Oktoba, nyasi zimekwisha na malambo yamebaki tope, mfugaji anatoa pumba kwa kundi lote sawasawa. Mwenye mapacha tumboni anapata kiasi kilekile anachopata asiye na kitu. Pumba inaisha kabla mvua haijanyesha, jike mwenye mimba anazaa amechoka, maziwa hayatoki, na mtoto anakufa siku ya pili au ya tatu. Hapo tunasema ni ukame.

Kipimo cha altrasaundi hakileti mvua, lakini kinakuambia ni nani alishwe, nani auzwe na nani arudishwe kwa dume, na kinakuambia ukiwa bado na nafasi ya kufanya jambo. Mwongozo huu umeandikwa kwa mfugaji mwenye kundi, kwa bwana mifugo wa kata, na kwa kikundi cha wafugaji kinachofikiria kununua mashine au kumwita mpimaji.

Mashine inaona nini

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Kile kipande kinachoshikwa mkononi na kugusishwa kwenye ngozi, wapimaji wanakiita proba, kinatuma sauti ndani ya mwili na kupokea mwangwi wake. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo kwenye kioo huonekana meusi. Nyama huonekana kijivu, na mfupa mweupe. Mimba changa ni mfuko wa maji wenye kiumbe ndani, ndiyo maana huonekana vizuri. Hakuna mionzi kama ya eksirei, na kipimo hakimdhuru mama wala mtoto.

Teknolojia hii ilianza kwa binadamu. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za kwanza za aina hii mwaka 1958, na kufikia miaka ya 1980 wafugaji wa kondoo wa Uingereza, Australia na New Zealand walikuwa wanaitumia mashambani. Huko mpimaji mzoefu mwenye kibanio kizuri hupima zaidi ya kondoo 100 kwa saa moja. Sisi hatuhitaji kasi hiyo. Tunahitaji usahihi, na kwa hilo kondoo wetu wanatupa nafuu: wana nywele fupi badala ya sufu nzito, na ngozi ya kinenani haina manyoya kabisa. Hakuna kunyoa.

Anza na dume, mashine baadaye

Hili ndilo jambo ambalo wengi huliruka. Mpimaji anaweza kuwa hodari na mashine mpya kabisa, lakini kama hujui dume aliingia lini na alitoka lini, nusu ya faida imeshapotea. Sababu ni hesabu. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi, yaani karibu miezi mitano. Jike asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 17 hivi. Proba ya tumboni huanza kuona mimba kwa uhakika ikiwa na siku 35 hadi 40. Kuhesabu watoto ni rahisi zaidi kati ya siku 45 na 90. Mimba ikivuka siku 100, mtoto mmoja anajaza kioo kizima, na wa pili anaweza kujificha nyuma yake.

Sasa chukua kundi ambalo dume hatoki. Siku ya kupima, jike mmoja ana mimba ya miezi minne, mwingine ya miezi miwili, na mwingine amepandwa wiki iliyopita. Huyo wa mwisho mashine itasema hana kitu. Ukimpeleka mnadani kwa jibu hilo, umeuza mimba.

Kwa hiyo weka msimu wa kupandisha. Kwa mazingira ya Tabora, ambako mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei mwanzoni, mimi napendelea dume aingie tarehe 1 Agosti na atolewe tarehe 10 Septemba. Hizo ni siku 40, zinazotosha kila jike kupata joto angalau mara mbili. Uzao wa kwanza utaanza karibu na tarehe 26 Desemba na wa mwisho utaishia siku za mwanzo za Februari. Faida yake ni kwamba wiki sita za mwisho za mimba, ambazo mtoto hukua kuliko kipindi kingine chote, zinaangukia kwenye majani mabichi badala ya vumbi la Oktoba. Ubaya upo pia: watoto watazaliwa wakati wa tope na minyoo, kwa hiyo banda lazima liwe limeinuliwa au lina sakafu kavu. Anayeona banda lake haliwezi kuhimili masika, na ana akiba nzuri ya mabua ya karanga na marando ya viazi, anaweza kupandisha Juni na kuzalisha Novemba. Chagua kimoja, ukiandike, ukishike.

Maandalizi ya msimu huo yanaanza miezi miwili kabla. Mbegu za dume huchukua wiki saba hivi kukomaa, kwa hiyo dume aliyeugua homa Juni anaweza kuwa dhaifu Agosti hata kama anaonekana mzima. Mshike, papasa korodani zote mbili: ziwe ngumu kiasi, zilingane, zisiwe na uvimbe wala vidonda. Angalia kwato na meno. Dume mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Wengine wahasiwe kwa koleo la kuhasi au wauzwe, kwa sababu dume wa ziada huharibu kalenda yote.

Majike nao wapapaswe mgongoni, juu ya figo. Ukigusa mifupa mikali kama hakuna nyama juu yake, huyo hatashika mimba kirahisi. Wape pumba na mashudu kidogo kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya dume kuingia, na endelea wiki mbili baada ya hapo. Agosti ya Tabora ni kavu, na bila msaada huo utalaumu dume bure.

Kumtenga dume ni kazi ngumu pale ambapo makundi ya majirani yanakutana lamboni. Kuna njia ya zamani ambayo Wamaasai wanaijua vizuri: dume anafungwa kipande cha ngozi tumboni, mbele ya uume, akatembea na kundi bila kupandisha. Turubai nene inafanya kazi hiyohiyo. Kikague kila jioni, kwa sababu kikilegea kinasogea pembeni na kikikaza kinachubua.

Wakati wa kupandisha, mpake dume rangi kifuani. Udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kula unatosha. Kila anayempanda anabaki na alama kiunoni. Baada ya siku 17 badilisha rangi, uanze nyepesi kwenda nzito. Jike mwenye alama ya kwanza peke yake huenda alishika mapema. Mwenye alama mbili alirudi kwenye joto. Kundi zima likiwa na alama mbili, dume ana tatizo, na umelijua kabla hujalipa hata shilingi ya kipimo.

Siku ya kupima

Kwa kalenda ile, siku nzuri ni tarehe 25 Oktoba au karibu na hapo. Aliyepandwa siku ya kwanza ana siku 85, aliyepandwa siku ya mwisho ana siku 45. Wote wako ndani ya dirisha la kuhesabu. Pia ni kabla ya mvua kubwa, barabara za vijijini bado zinapitika, na una wiki tatu za kupanga chakula kabla wa kwanza hawajaingia kwenye wiki sita za mwisho.

Kama hukuweza kumtenga dume mwaka huu, bado unaweza kupima, lakini kwa utaratibu mwingine. Pima kundi lote, kisha kila asiyeonekana na mimba atengwe na dume kabisa kwa siku 45 na apimwe tena. Akionekana mtupu mara ya pili, hapo jibu ni la kuaminika. Usimuuze jike kwa kipimo kimoja ikiwa dume alikuwa naye.

Mashine na mtu wa kuishika

Mashine nyingi za mifugo za siku hizi ni ndogo, zina betri, na hubebwa kwenye pikipiki. Kwa kondoo kupitia tumboni, tafuta yenye proba ya uso uliobinuka, ya megahezi 3.5 hadi 5, inayoona kina cha sentimita 15 hadi 20. Proba hiyo ni ya jamaa moja na ile inayotumika kwa wajawazito hospitalini, kwa hiyo mashine ya binadamu iliyotumika, ikiwa bado nzima, inaweza kufaa. Ikinunuliwa kwa ajili ya mifugo ibaki ya mifugo, isirudishwe kwa watu.

Ipo pia proba nyembamba ya megahezi 5 hadi 7.5 inayoingizwa kwenye njia ya haja kubwa. Inaona mimba mapema, kuanzia siku 25 hivi. Nakushauri umwachie daktari wa mifugo. Utumbo wa kondoo ni laini, mkono usiozoea unaweza kuutoboa, na baadhi ya mimba zilizoonekana mapema hivyo huharibika zenyewe baadaye, kwa hiyo utalazimika kupima tena.

Kazi ya uganga wa mifugo nchini inasimamiwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari. Pitia kwa afisa mifugo wa wilaya ili upate mtu aliyesajiliwa, au kijana wa kikundi chenu afundishwe na afanye kazi chini ya usimamizi wake. Muulize mpimaji maswali mawili tu: ameshapima kondoo, au ni ng'ombe tu, na yuko tayari kurudi kuona waliozaa ili alinganishe na majibu yake? Anayekataa swali la pili, mwache.

Kuandaa kundi

Usiku wa kuamkia siku ya kupima, kondoo wasile wala wasinywe kwa saa 12 hivi. Tumbo lililojaa nyasi na gesi husukuma mji wa mimba nyuma na kuziba picha. Usizidishe muda huo, hasa kwa wenye mimba kubwa, kwani njaa ndefu huwaletea ugonjwa. Anza kupima alfajiri, maliza kabla jua halijawa kali, kisha wapelekwe majini na malishoni mara moja.

Kibanio cha ng'ombe kilichoko kwenye josho ni kipana mno. Kondoo anageuka ndani yake. Tengeneza kichochoro cha fito chenye upana wa sentimita 45 hadi 50, mwisho wake kiwe na kizimba cha kumtosha mmoja, urefu wa mita 1.2 hivi. Upande wa kulia wa kizimba acha nafasi wazi chini, mbele ya mguu wa nyuma, ili mkono wa mpimaji upite. Kizimba kikiinuliwa nusu mita juu ya ardhi, mpimaji anakaa kwenye kigoda na hainami. Mtu anayeinama kwa kondoo 80 ataanza kukosea kuanzia wa 50, na makosa hayo unayalipa wewe.

Kivuli ni lazima. Chini ya jua la Oktoba kioo hakisomeki. Mwembe mkubwa unafaa, na turubai jeusi juu ya mashine linaongeza. Weka tayari jeli, ndoo ya maji, vitambaa, rangi za alama tatu, daftari, na betri ya akiba. Watu wanne wanatosha: mmoja anasukuma, mmoja anafungua na kufunga, mmoja anapima, mmoja anaandika. Watoto na mbwa wakae mbali.

Kupima kwenyewe

Kondoo asimame. Wapo wanaomkalisha matakoni, na inawezekana, ila akisimama viungo vinakaa mahali pake na yeye hahangaiki.

Pima upande wa kulia, kwa sababu kushoto kumejaa tumbo kubwa la kwanza. Futa vumbi kwenye ngozi ile isiyo na nywele, kati ya paja na kiwele, kisha paka jeli ya kutosha kwenye proba. Hewa kidogo tu kati ya proba na ngozi huharibu picha, na anayeona kioo kizima kijivu bila umbo lolote kwa kawaida amebana jeli, au hajabonyeza.

Weka proba mbele kidogo ya kiwele na pembeni yake. Ielekeze ndani na juu, kama unalenga nyonga ya upande wa pili. Bonyeza kwa nguvu ya wastani. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni kibofu cha mkojo: eneo jeusi, lenye ukingo laini, mara nyingi limechongoka upande mmoja, na ndani yake hakuna chochote. Hicho ndicho alama yako ya njia. Mji wa mimba uko jirani yake, mbele na juu. Rekebisha mwanga wa mashine mpaka mkojo uwe mweusi kabisa. Ukiwa na madoa ya kijivu, mwanga umezidi.

Sasa usihamishe proba. Igeuze polepole kwa kifundo cha mkono, kuelekea mbele, halafu juu, halafu upande wa pili. Kama ana mimba ya siku 45 hadi 60, utaona maji meusi tena, lakini safari hii yamegawanyika kwenye vyumba, na kwenye kuta zake kuna vifundo vya kijivu. Vikikatwa na picha kwa pembeni vinaonekana kama herufi C, vikikatwa katikati vinakuwa duara lenye kiini cheusi. Hivyo ni vifundo ambapo kondo la nyuma limejishika na mji wa mimba. Kibofu hakina vifundo kamwe. Anayeanza kazi akijifunza jambo hili moja tu, atakuwa ameepuka kosa linalowapata wengi, la kuita mkojo mimba.

Tulia hapo. Subiri sekunde chache. Ndani ya maji utaona kitu cheupe kikijikunja, na katikati yake kidoa kinachopigapiga haraka, haraka kuliko moyo wa mama yake. Huo ni moyo. Mtoto ni hai. Ukiona umbo bila moyo kupiga, na maji yana ukungu, andika alama ya kuuliza na umpime tena baada ya wiki mbili.

Mimba ya siku 70 hadi 90 imeshuka chini na mbele, kwa hiyo proba isogee kidogo kuelekea kitovu. Hapa mifupa imekomaa na mbavu zinaonekana kama meno ya kitana, mistari myeupe yenye vivuli vyeusi nyuma yake. Kichwa ni duara jeupe. Uti wa mgongo ni mistari miwili inayokwenda sambamba.

Kuhesabu kunataka subira zaidi. Kanuni ni kuona viumbe wawili kwenye picha moja, au vichwa viwili, au vifua viwili vilivyolala pande tofauti. Kuona kichwa hapa na kifua pale hakutoshi, kwani vinaweza kuwa vya mtoto mmoja. Pitisha proba mpaka mwisho wa kila upande wa mji wa mimba kabla hujasema ni mmoja. Ukipita haraka, pacha wa pili atabaki upande wa kushoto.

Nasema wazi: kwa kondoo wetu wa asili wenye mkia mnene, mapacha si wengi, na kama kundi lako halijawahi kuzaa mapacha, usimlipe mtu kwa kuhesabu. Tosheka na jibu la ana mimba au hana, na mimba ni ya mapema au ya kuchelewa. Wenye machotara wa Dorper, ambao huzaa mapacha mara nyingi zaidi, ndio wanaofaidika na hesabu.

Kabla hujasema "hana", hakikisha mambo matatu: umekiona kibofu, umepitisha proba mbele yake na pande zote mbili, na hukuona kifundo chochote. Ukiwa na shaka, mpime tena upande wa kushoto. Mpimaji mzoefu, katika siku sahihi, anapatia zaidi ya mara 95 kati ya 100 kwenye swali la ana mimba au hana. Makosa mengi yaliyobaki ni ya mimba changa mno, au mimba zilizoharibika baada ya kipimo. Osha proba kwa kitambaa na dawa ya kuua vijidudu mara uhamapo boma moja kwenda jingine.

Alama na daftari

Rangi mgongoni inafutika na mvua ya kwanza, kwa hiyo ni ya kutenganisha siku hiyo tu. Kumbukumbu ya kudumu ni namba ya hereni kwenye daftari. Andika namba, hali ya mwili kwa kupapasa mgongo, ana mimba au hana, idadi, ya mapema au ya kuchelewa, na neno moja la maoni kama kiwele kina uvimbe. Daftari likae kwa mtu anayewaona kondoo kila siku, hata kama ni mchungaji kijana wa miaka kumi na saba. Majibu yakibaki kwenye simu ya mwenye mali aliyeko mjini, kipimo kimekwenda bure.

Kufanyia kazi majibu

Hapa ndipo pesa inarudi.

Wasio na mimba kwanza. Mzee mwenye meno yaliyoisha, au aliyekosa mimba miaka miwili mfululizo, aende mnadani wiki hiyohiyo, kabla hajakonda zaidi. Jike kijana aliyekosa mara ya kwanza anaweza kupewa nafasi nyingine kwa dume wa pili, kwa siku 34, akijulikana kwamba atazaa nje ya msimu na atahitaji uangalizi wake mwenyewe. Nafasi ya tatu sipendekezi.

Waliobaki gawanya kwa tarehe na kwa idadi. Wa mimba za mapema waingie kwenye lishe ya mwisho katikati ya Novemba, wa kuchelewa karibu na Krismasi. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengwa kwenye wiki sita za mwisho, na wakati huohuo tumbo la mama linabanwa na mtoto, hivyo hawezi kula nyasi nyingi hata kama zipo. Mwenye mapacha anahitaji chakula chenye nguvu kwa kiasi kidogo: pumba ya mahindi mafungu matatu, mashudu ya pamba au alizeti fungu moja, chumvi ya mifugo kidogo. Kwa jike wa kilo 35 hivi, anza na gramu 150 kwa siku na panda taratibu kwa siku kumi hadi gramu 400 au 500, ukigawa asubuhi na jioni. Ukimpa nyingi ghafla, tumbo litachachuka.

Mwenye mtoto mmoja apewe nusu ya hapo, na kama amenona asipewe kabisa. Mtoto mmoja aliyelishwa kupita kiasi huwa mkubwa, na jike anayezaa mara ya kwanza atashindwa kumtoa.

Mfuatilie mwenye mapacha kila asubuhi. Akibaki nyuma ya kundi, akiegemea ukuta, akikataa pumba, macho kama hayaoni, huo ni ugonjwa wa mimba unaotokana na kukosa nguvu mwilini. Unaua haraka. Mwite daktari siku hiyohiyo, na mpe kitu chenye sukari mdomoni wakati unasubiri, taratibu asipaliwe.

Kuhusu dawa, jambo moja muhimu sana. Dawa ya minyoo ya albendazole isitumike tangu dume aingie mpaka siku 30 baada ya kutoka, kwa sababu inaweza kuharibu kiumbe kinachoanza kuumbwa. Kwa kalenda yetu ni kuanzia Agosti 1 hadi Oktoba 10. Wanyweshe kabla ya dume kuingia, na tena baada ya kipimo kama kuna haja. Chanjo ya magonjwa ya klostridia (bakteria wanaoleta maradhi kama pepopunda) ichomwe wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa, ili kinga ipite kwenye maziwa ya kwanza. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ifuate ratiba ya wilaya, na kondoo wenye mimba kubwa wasikimbizwe wala kubanwa siku hiyo.

Wengi wakionekana watupu

Katika kundi lililopandishwa vizuri, wachache hukosa mimba. Ukikuta robo ya kundi haina kitu, simama, usinunue dume mpya kwanza. Rudi kwenye alama za rangi. Kama walipandwa mara mbili, dume achunguzwe. Kama hawakuwa na alama kabisa, walikuwa wamekonda au dume alikuwa mgonjwa miguu. Kama walionekana na mimba Oktoba na Desemba hawana, wametupa mimba, na hapo pana maradhi: brusela, toksoplazma inayoenezwa na kinyesi cha paka, au homa ya Bonde la Ufa katika mwaka wa mvua nyingi. Toa taarifa kwa afisa mifugo, ili sampuli za damu na za kiumbe kilichotupwa zipelekwe kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA).

Kiumbe kilichotupwa na kondo lake usikishike kwa mkono mtupu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki miwili, kichome au kifukie kwa kina, mbwa wasile. Mama mjamzito wa nyumbani asikaribie kabisa, wala asisaidie kondoo kuzaa. Maradhi haya yanamwingia mtu, na kwake yanaweza kuharibu mimba pia. Maziwa yachemshwe.

Gharama

Bei ya kipimo hutofautiana kwa umbali na idadi, kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe kwa njia hii. Tuseme una majike 60, na 12 kati yao hawana mimba. Bila kujua, ungewapa kila mmoja robo kilo ya pumba kwa siku kwa miezi miwili. Hizo ni kilo 180. Zidisha kwa bei ya pumba kijijini kwako mwezi Oktoba, jumlisha na bei ya kuuza hao 12 wakiwa bado na mwili, kisha linganisha na anachotoza mpimaji. Mwenye majike kumi peke yake mara nyingi hatafaidika kumlipia mtu nauli kutoka Tabora mjini. Maboma matano au sita ya kitongoji kimoja, yakipandisha kwa tarehe moja na kukutana kwenye kibanio kimoja, yatafaidika. Tarehe hiyo ikubaliwe Juni, kabla madume hayajaanza kutengwa, na mpimaji aambiwe mapema kwa sababu mwisho wa Oktoba kila mtu atamtaka.